Nusu Punje

Mke wangu anasaga chuma, mimi nashona nguo. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huniangalia mimi kwa huruma, kana kwamba kuna kitu nimenyang'anywa. Wacheke. Katika nyumba yetu mimi ndiye mwenye vipimo vya kubahatisha. Kwenye cherehani, nusu sentimita ni jambo la kusameheana: suruali ikibana, naachia mshono, ikipwaya, naubana. Kwake yeye nusu sentimita ni safari ya kufungasha mizigo. Ndiyo maana huniita Baba Sentimita, na akiniita hivyo mbele ya wateja wangu hujifanya anatania.

Yeye mtaani wanamwita Mama Punje. Waliompa jina hilo walidhani wanamdhihaki. Alilipokea, akalivaa, na sasa ukiuliza jina lake halisi utazungushwa mtaa mzima bila kupata jibu.

Karakana anayofanyia kazi ilikuwa ya baba yake. Ni jengo refu la mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta, na ndani yake kelele zisizokoma. Kazi yao ni krenki, ule mhimili wa chuma wenye viwiko unaozunguka tumboni mwa injini. Zile sehemu zake za mviringo zinazokaa ndani ya beringi wanaziita shingo. Shingo zikichakaa, krenki inapandishwa kwenye mashine, jiwe linazisaga mpaka zing'ae upya, kisha zinafungiwa beringi za saizi mpya. Sasa, kati ya shingo na beringi lazima ibaki nafasi ya mafuta kupita. Ikizidi, injini inagonga. Ikipungua, mafuta hayapiti, chuma kinashika chuma, na injini inanoki, yaani inakwama isizunguke tena. Nafasi yenyewe huwezi kuiona kwa macho, hata ukodoe namna gani.

Baba mkwe wangu alikuwa akitoa maagizo kwa kupiga kelele kutoka upande mmoja wa karakana hadi mwingine. Lakini huwezi kupiga kelele "sehemu moja ya mia ya milimita" jiwe linazunguka; ukifika kwenye neno "milimita" jiwe limeshakula kupita kiasi. Akatafuta neno fupi. Kila mstari mmoja kwenye gurudumu la mkono la mashine yake, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, akauita punje. "Toa punje mbili!" "Acha punje tano!" Wateja wake wakalizoea, mafundi wakalizoea, na binti yake akalijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, alikulia upande wa pili wa kioo, ofisini, kwenye feni na wateja. Baba yao alipofariki, hakuna aliyeuliza nani atakaa wapi. Shemeji akawa Bosi, dada yake akabaki kwenye mashine. Mimi hilo lilinikera na nikasema. Mke wangu akanikata kauli. "Yeye kapata kiti, mimi nimepata mashine," alisema. "Unadhani nani kapunjwa?"

Siku moja binti yetu alikuja na kazi ya shule, amekunja uso. Alitakiwa kubadilisha milimita kuwa mikromita, na mikromita kuwa nanomita. Mimi nikajikuta nina shughuli nyingi ghafla. Mama yake akanijia kwa nyuma akaning'oa unywele, na sina nyingi za kugawa.

"Shika huu," akamwambia mtoto. "Unene wake ni mikroni sabini hivi. Mikroni ndiyo mikromita hiyohiyo, sisi tumelifupisha tu. Kwa baba yangu ungekuwa punje saba, maana punje moja ni mikroni kumi. Sasa, milimita moja ina mikroni elfu moja, na mikroni moja ina nanomita elfu moja. Unywele wa baba yako ni nanomita ngapi?"

Mtoto akahesabu kwa vidole, akanong'ona, akasema, "Elfu sabini."

"Umeona? Unywele haujanenepa. Ni uleule. Ukienda kwenye kipimo kidogo, namba inakua. Ukirudi kwenye kikubwa, namba inapungua. Jina na namba vinatembea pamoja. Ukibadilisha jina ukaiacha namba ilivyokuwa, umesema uongo."

Mimi nikasema unywele wenye nanomita elfu sabini unastahili kuogopwa. Wakanicheka wote wawili.

Basi, Bosi akaleta mashine mpya. Sina ugomvi na mashine yenyewe. Ni nzuri, ina skrini inayoonyesha mikroni moja moja, na haina haja ya kuitegea sikio. Pamoja nayo alimleta mtu wa kuiendesha, mwanamume mtulivu kutoka mji mwingine, ambaye mafundi walimwita Fundi Skrini siku ileile aliyofika. Mke wangu akabaki kwenye mashine ya zamani, ile ya gurudumu na mistari. Wawili hao walielewana. Chai walikunywa pamoja, na nilianza kumsikia nyumbani akisifia mkono wa yule mtu, jambo ambalo, nikiri wazi, sikulifurahia sana.

Kisha akaja Mzee wa Pampu. Yeye ndiye mwenye injini inayosukuma maji hadi kwenye tangi la mtaa wetu. Alikuwa mteja tangu enzi za baba mkwe, na alileta krenki yake kama alivyoileta siku zote, akamwambia Bosi pale kwenye kaunta, "Niachie nafasi ya punje tano, kama kawaida." Bosi hakumpelekea dada yake. Alitaka kuionyesha mashine mpya, akampelekea Fundi Skrini. Kazi ikatoka ikang'aa kama kijiko. Mzee wa Pampu alipoifunga alihisi krenki ni nzito kuzungusha kwa mkono, akarudi kuuliza, na Bosi akamjibu kwamba kitu kipya hukaza, kitalegea chenyewe.

Hakikulegea. Injini ilizunguka mpaka ikapata joto, ikapiga ukelele mmoja, ikanoki. Mabomba ya mtaa mzima yakakauka. Watu wakaanza kupishana na ndoo, na kila aliyeinama kuinua ndoo alilitaja jina moja, maana kila mtu anajua ni nani anayesaga krenki hapa kwetu. "Mama Punje katukausha." Nililisikia hilo mlangoni mwa duka langu mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwa amevaa shati nililomshonea. Nilitamani kulidai lile shati pale pale.

Jioni Bosi akaja nyumbani. Hakuja peke yake, alikuja na mama mkwe, nikajua kuna jambo. Mtu mzima haendi na mama yake kwa dada yake kusalimia tu.

"Dada," akaanza, akizungusha kikombe chake, "kesho Mzee wa Pampu anakuja karakana na krenki. Nataka umwambie ni wewe uliyeisaga. Kwamba uliteleza."

"Sijaigusa."

"Najua hujaigusa. Nisikilize. Mashine mpya ikisemwa vibaya sasa hivi, tumekwisha, hakuna atakayeleta kazi. Lakini wewe, nani atakukasirikia wewe? Watalalamika kidogo, watasahau. Wewe ni wetu."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutolewa kafara kwa sababu ni wenu."

"Usilikuze jambo."

Mama mkwe akamshika goti. "Mwanangu, jishushe kidogo. Huyu ni mdogo wako."

"Nijishushe punje ngapi, mama?"

Mama mkwe aliishi na neno hilo ndoa yake nzima. Aliuondoa mkono gotini, akaangalia sakafu.

Bosi akasimama. "Basi tusizungushane. Ukikataa, kesho niachie ufunguo wa karakana. Utakaa kaunta uuze gasketi, au utakaa nyumbani. Na ile mashine ya zamani nitaiuza chuma chakavu."

Nikafungua mdomo. Mke wangu akanitupia jicho, nikaufunga. Alimsindikiza mama yake hadi nje, akamshika mkono kwenye ngazi, akarudi, akakaa.

"Nikikubali," alisema, "nitakuwa nimekosea mpaka siku ya kuzikwa. Kila injini itakayogonga katika mtaa huu itakuwa yangu. Na hata kaunta nitakaa kama mtu aliyehurumiwa. Siwezi. Wala sitaki kuweza."

Nikamwambia kesho nitaongozana naye, maana nina ovaroli za kuwapelekea mafundi. Ovaroli zenyewe zilikuwa hazijatiwa vifungo hata kimoja. Alilijua hilo, akanisaidia kuzikunja.

Asubuhi tulimkuta Mzee wa Pampu ameshafika. Krenki ilikuwa juu ya meza, imelala kwenye gunia, na kando yake mikono ya pistoni na beringi zake. Shingo moja ilikuwa imeungua, bluu na nyeusi, na mabaki ya beringi yamegandia. Bosi alikuwa amesimama karibu na mzee, amevaa shati la kola. Fundi Skrini alikuwa nyuma ya mashine yake, macho yake yote kwenye skrini, ingawa haikuwa ikionyesha chochote cha maana. Mashine nyingine zilikuwa zinanguruma kama kawaida.

"Mama Punje!" Mzee wa Pampu akapaza sauti kushinda kelele. "Umenifanya nini? Watu wanataka kunila mbichi!"

Bosi akamtazama dada yake, akamtikisia kichwa kidogo, ile ya kusema haya, sema.

Mke wangu alipita katikati yao, akaenda hadi ukutani, akashusha swichi kuu.

Sijawahi kuisikia karakana ile ikiwa kimya. Mawe yalizunguka kwa kuzoea, yakapunguza mwendo, yakasimama. Mafundi wakageuka mmoja mmoja. Mahali fulani mafuta yalikuwa yanadondoka.

"Sitaki mtu aje aseme hakusikia," alisema.

Akachukua maikromita ya baba yake, kile chombo cha kupimia unene, kwenye sanduku lake, akafuta shingo moja iliyokuwa bado nzima, akaipima. Akafunga mkono wa pistoni wenye beringi nzima, akapima tundu lake pia. Hakuharakisha. Kisha akamwita Fundi Skrini. "Njoo upime na wewe. Usiniamini mimi."

Yule mtu akaja, akapima mara mbili.

"Soma kwa sauti," mke wangu akasema. "Kati ya shingo na beringi kuna nafasi gani?"

"Mikroni tano."

"Tano!" Mzee wa Pampu akadakia. "Si nilisema tano mimi?"

"Ulisema tano za nini, mzee?"

"Za nini tena? Punje! Mimi na baba yako tulijua punje tu."

"Punje tano ni mikroni hamsini. Hizi ni mikroni tano. Hii ni nusu punje, mzee. Mafuta yangepita wapi? Chuma kilipopata joto kikavimba, hata hiyo nusu ikaisha."

Mzee akainama juu ya krenki kana kwamba angeweza kuiona hiyo nusu. Bosi akakohoa. "Kwa hiyo, dada, inaonekana mkono uliteleza..."

"Mkono wa nani?" Aligeuka, akashika kiuno. "Mimi nikikosea, nakosea punje moja. Nikiwa nimechoka na nina homa, mbili. Pima shingo zote hizi zilizobaki: tano, tano, tano. Mkono uliokosea haukosei mara kumi kamili kila mahali. Hakuna mkono ulioteleza hapa. Tano ilitoka kwa mzee ikafika kwenye mashine ikiwa tano ileile. Jina lake ndilo lililobadilishwa njiani. Punje imeingia mdomoni kwa mtu, ikatoka mikroni, na namba haikuguswa."

Fundi Skrini alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mimi niliuliza," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Neno hilo sikulijua. Niliuliza punje ni nini. Nikaambiwa ndiyo mikroni, ni Kiswahili cha hapa tu."

Hakusema aliambiwa na nani, wala hakuna aliyeuliza.

"Na ukaambiwa uache tano, ukaacha tano," mke wangu akamwambia. "Shingo zote zinafanana. Ni kazi safi. Mimi kwenye mashine yangu sifiki hapo, na nalisema hili mbele ya kila mtu ili asitokee wa kukubebesha wewe baada ya kunikosa mimi."

Hapo ndipo Bosi alipopandwa na hasira, maana nadhani alikuwa amepanga kumbebesha Fundi Skrini. "Dada, haya ni mambo ya familia. Twende ofisini."

"Watu wanabeba ndoo kwa ajili ya neno lako, halafu unaniambia mambo ya familia?"

"Basi lete ufunguo."

Akautoa kwenye mfuko wa ovaroli, ovaroli niliyoishona mimi, akauweka mezani kando ya krenki iliyoungua. "Huu hapa. Uchukue. Ila swichi hiyo siiwashi, na sitoki mbele yake, mpaka useme punje moja ni mikroni ngapi."

"Unanifundisha mimi? Mbele ya wafanyakazi wangu?"

"Ningekufundisha nyumbani kwangu jana, kwa chai. Wewe ukaja kunifundisha kusema uongo. Na sikuombi msamaha, wala sitaki uniombe. Nataka useme namba. Punje moja ni mikroni ngapi?"

Bosi akatafuta wa kumsaidia. Mzee wa Pampu alikuwa amekunja mikono, anasubiri, maana ilikuwa krenki yake. Mafundi wakawa ghafla wanapenda sana kuangalia viatu vyao. Mwisho akanigeukia mimi. "Shemeji, mwambie mkeo."

"Shemeji," nikasema, "mimi najua sentimita tu."

Uso wake ulikuwa umeiva. Kwa muda nilifikiri ataondoka, na sijui mke wangu angefanya nini. Labda angesimama pale mbele ya swichi mpaka leo. Namjua. Ufunguo ulikuwa umelala pale karibu na mkono wa Bosi, na hakuugusa.

"Kumi," akasema.

"Sikusikia. Mashine zinanguruma."

Hakuna mashine iliyokuwa inanguruma. Fundi mmoja kule nyuma alicheka, akaumeza ule mcheko kwa kikohozi.

"Punje moja ni mikroni kumi!" Bosi akapiga kelele, na sauti ikagonga mabati ikarudi. Ilikuwa sauti ya baba yake kabisa. Hata Mzee wa Pampu aliinua kichwa.

Mke wangu akachukua ufunguo, akaurudisha mfukoni. Hakutabasamu. Akasaidiana na Fundi Skrini kuinua krenki, wakaipandisha kwenye mashine ya zamani, ile iliyokuwa iuzwe chuma chakavu, wakaikaza. Ilikuwa isagwe ishuke saizi nyingine, robo milimita, na kufungwa beringi mpya. Kisha akaenda ukutani, akapandisha swichi, na kelele zote zikarudi kwa pamoja. Nikatoka mlangoni na ovaroli zangu zisizo na vifungo, lakini nikasimama pale kizingitini, sikuweza kuondoka.

Aliweka mkono kwenye gurudumu, akageuza kichwa kuelekea ofisini, ambako Bosi alikuwa ameshafika mlangoni na ameshika kitasa.

"Niache ngapi?" akapaza sauti.

"Tano!"

Akauondoa mkono kwenye gurudumu. Jiwe likazunguka bure.

"Tano za nini?"

Bosi akaachia kitasa. Akarudi hatua chache hadi katikati ya karakana, akaweka viganja vyake mdomoni, ili kila mtu asikie.

"Punje tano! Mikroni hamsini!"

Ndipo mke wangu akasogeza jiwe.